Mkono, Mazoea na Neno Linalotafutwa

Kasi ya kazi katika kompyuta huzungumzwa kwa kawaida kana kwamba ni sifa ya mashine, yaani ukubwa wa kumbukumbu yake, nguvu ya prosesa yake au uchache wa miaka yake, ilhali sehemu kubwa ya muda unaopotea mbele ya skrini hupotea kati ya mkono na kipanya, na kati ya jicho na ukurasa ambamo neno fulani limejificha. Kila kompyuta ya ofisini, hata ile kuukuu inayochukua dakika kadhaa kuwaka, huja na njia mbili za kupunguza upotevu huo bila gharama yoyote: mikato ya kibodi, yaani vitufe viwili au vitatu vinavyobonyezwa kwa pamoja ili kutoa amri ambayo vinginevyo ingetafutwa ndani ya menyu, na utafutaji, yaani uwezo wa programu kupokea herufi chache na kumpeleka mtumiaji mahali zilipoandikwa. Njia hizi hufundishwa, pale zinapofundishwa, kama orodha ya kukariri. Zinastahili kutafakariwa kwa undani zaidi, kwa sababu ya kwanza inahusu namna ujuzi unavyohamia mkononi, na ya pili inahusu namna lugha ilivyoumbwa. Na kwa mtu anayeandika kwa Kiswahili, hiyo ya pili ina uzito ambao miongozo iliyotungwa kwa kuangalia lugha nyingine haiugusi kabisa.

Mwaka 1983 watafiti watatu wa Marekani, Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell, walichapisha kitabu kuhusu saikolojia ya mtu anayetumia kompyuta, na ndani yake waliigawa kazi ya mtumiaji mzoefu katika vitendo vidogo vidogo, kila kimoja wakikikadiria muda wake. Kubonyeza kitufe kimoja, kwa mpiga chapa hodari, walikukadiria kuwa sekunde 0.2, kuhamisha mkono kutoka kwenye kibodi hadi kwenye kipanya, au kuurudisha, sekunde 0.4, kukielekeza kipanya mahali fulani kwenye skrini, sekunde 1.1. Kwa makadirio hayo, mtu anayenakili aya kwa kipanya atahamisha mkono, ataelekeza kwenye menyu na kubofya, ataelekeza kwenye amri na kubofya tena, kisha ataurudisha mkono, na jumla yake itakuwa sekunde 3.4. Anayebonyeza Ctrl+C atatumia sekunde 0.4. Tofauti ni sekunde tatu, na miongozo mingi huishia hapo, ikazidisha sekunde hizo kwa siku za kazi za mwaka mzima na kumwahidi msomaji saa nyingi za kuokoa.

Hata hivyo, katika orodha ya watafiti hao kuna kipimo kingine ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote vilivyotajwa, nacho ni muda wa akili kujiandaa kabla ya kutenda, walioukadiria kuwa sekunde 1.35. Kipimo hiki kinabadilisha hesabu yote. Mkato ambao mtu analazimika kuukumbuka, akajiuliza kama ni Ctrl+H au Ctrl+J, akaitazama kibodi, akajaribu, akatengua, humpotezea muda kuliko menyu, kwa sababu menyu humwonyesha jina la amri na kumwondolea mzigo wa kukumbuka. Faida ya mkato huanza siku ile ambayo mtumiaji haukumbuki tena kwa akili, bali vidole vinakwenda vyenyewe wakati mawazo yako bado kwenye sentensi inayohaririwa. Kwa hiyo kilicho cha thamani zaidi hapa si zile sekunde tatu. Ni ule mfululizo wa fikra ambao haukukatwa: mwandishi aliyekuwa akipima kama aya ya pili itangulie ya kwanza ameihamisha na kuisoma tena kabla wazo lililomsukuma kufanya hivyo halijafifia. Mtu aliyewahi kuandika jambo zito anajua jinsi wazo la namna hiyo linavyopotea upesi, na jinsi lilivyo gumu kurudishwa.

Ujuzi wa mkono si jambo geni katika ofisi za Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi vyuo vya uhazili, kile cha Tabora kikiwa miongoni mwa vinavyojulikana zaidi Tanzania, vimefundisha upigaji chapa bila kutazama vitufe pamoja na hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi unaomwezesha mtu kunakili maneno kwa kasi ya msemaji, na matangazo ya ajira serikalini yamezoea kumtaka katibu mahsusi awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 100 kwa dakika moja. Tangazo hilohilo, linapofika kwenye kompyuta, hutaka cheti cha kuthibitisha kwamba mwombaji amesoma Windows na Microsoft Office. Mkono wenye kalamu unapimwa kwa dakika. Mkono ulio kwenye kibodi unaulizwa tu kama uliwahi kuingia darasani. Hapo kuna jambo la kusikitisha, kwa maana nidhamu iliyowafanya mahazili wa zamani waheshimike, nidhamu ya kurudia kitendo kimoja mpaka kikaingia mwilini, ndiyo hasa inayohitajiwa na mikato ya kibodi, nayo imeachwa nje ya mlango wakati mashine mpya zikiingizwa ndani.

Wala kuzitumia programu kwa miaka mingi hakuleti ujuzi huo kwenyewe. John Carroll na Mary Beth Rosson, katika makala yao ya mwaka 1987, walieleza kwamba mtumiaji wa kompyuta hutaka kumaliza kazi iliyo mbele yake, kwa hiyo hashawishiki kusimama ajifunze njia bora, hata kama kujifunza huko kungemfaa baadaye. Akishapata njia moja inayofika, huishikilia. Utafiti wa David Lane na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulithibitisha jambo hilo kwa watumiaji wazoefu wa Microsoft Word, ambao wengi wao waliendelea kubofya aikoni za upau wa zana hata kwa amri walizozitoa mara kwa mara. Uzoefu peke yake hukomaza kile ambacho mtu anakifanya tayari, kiwe kizuri au kibaya. Anayetaka mkato uingie mkononi hana budi kuuchagua mmoja, kuikataa menyu kwa amri hiyo moja kwa siku kadhaa huku akivumilia kuchelewa, kisha kuchukua wa pili baada ya wa kwanza kuzoeleka. Orodha ya mikato 50 iliyobandikwa ukutani haijawahi kumfunza mtu.

Umbo la mikato lenyewe lina historia inayosaidia kuelewa kwa nini inafanya kazi. Katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, katikati ya miaka ya 1970, kulikuwa na programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo, ambayo ilikuwa na hali mbili: katika hali moja herufi iliyobonyezwa iliandikwa kama herufi, na katika hali nyingine herufi ileile ilitekelezwa kama amri. Kisa kinachosimuliwa sana katika historia ya kompyuta ni cha mtu aliyedhani yumo katika hali ya kuandika, akabonyeza e, d, i na t kwa kufuatana: ya kwanza ikachagua andiko zima, ya pili ikalifuta, ya tatu ikafungua hali ya kuandika, na ya nne ikabaki peke yake kwenye skrini tupu. Larry Tesler na Tim Mott, walipotengeneza programu ya Gypsy kwa ajili ya wahariri wa Ginn, kampuni ya vitabu vya kiada iliyomilikiwa na Xerox, waliziondoa hali hizo, na kutokana na kazi yao utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika ukapata sura inayotumika mpaka leo. Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh katika kampuni ya Apple, alilieleza jambo hili vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2000: mtu anaposhikilia kitufe kwa kidole, misuli yake inamkumbusha kila wakati kwamba yumo katika hali ya kutoa amri, na anapokiachia hali hiyo inakwisha papo hapo. Ctrl, kitufe kinachoshikiliwa huku kingine kikibonyezwa, ni hali inayodumu kwa muda uleule ambao kidole kinaidumisha, na ndiyo maana haimpotezi mtu kama zile za Bravo.

Herufi zinazoambatana na kitufe hicho zinastahili kutazamwa na mtumiaji wa Kiswahili kwa namna yake. Katika programu za Kiingereza nyingi kati ya hizo ni herufi za mwanzo za majina ya amri, na zipo lugha zilizobadilishiwa: Word ya Kihispania huhifadhi faili kwa Ctrl+G, kwa kuwa G ndiyo inayoanza neno guardar, na hutafuta kwa Ctrl+B, kwa ajili ya buscar. Anayeandika kwa Kiswahili hubonyeza Ctrl+S ili kuhifadhi na Ctrl+P ili kuchapisha, na herufi hizo hazimdokezei kitu kutoka lugha yake. Ingeweza kudhaniwa kwamba hilo ni upungufu mkubwa, lakini mikato iliyoenea kuliko yote duniani, Z ya kutendua, X ya kukata, C ya kunakili na V ya kubandika, ambayo ilikuja na kompyuta za Apple za miaka ya mwanzo ya 1980 na kuingia Windows katika muongo uliofuata, haikupangwa kwa kufuata majina, isipokuwa C. Imekaa ubavu kwa ubavu katika safu ya chini ya kibodi, karibu na kitufe kinachoshikiliwa, kiasi kwamba mkono wa kushoto unaifikia yote bila kusogea. Kinachojifunza hapo ni mkono, nao haujui tahajia, unajua mahali.

Kwa watu wasioona, mjadala wa sekunde hauna nafasi kabisa. Programu za kusoma skrini, kama JAWS au NVDA inayotolewa bure tangu mwaka 2006, hutamka kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, na mtumiaji wake husafiri ndani ya kurasa kwa vitufe pekee, kwa kuwa mshale wa kipanya usioonekana hauwezi kuelekezwa. Mbuni wa programu anayesahau kuipa amri mkato wake amemfungia mtu huyo mlango. Ni vema hili likumbukwe kila mikato inapoelezwa kuwa mapambo ya wajuzi wa kompyuta.

Utafutaji unadai kitu tofauti. Mkato unataka mkono uwe umezoea. Utafutaji unataka mtu ajue, walau kwa herufi chache, kile kilichoandikwa. Haja hii ni kongwe kuliko umeme. Katika karne ya 13 watawa wa Kidominiko mjini Paris, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher, walitengeneza faharasa ya maneno ya Biblia ya Kilatini, yaani orodha ya maneno pamoja na mahali yanapopatikana, na katika karne ya 20 Mmisri Muhammad Fuad Abdul Baqi aliitungia Kurani faharasa ya namna hiyo ambayo wanafunzi wa madrasa na vyuo vya dini wanaitegemea mpaka leo. Jambo la kuzingatia ni kwamba Abdul Baqi alipanga maneno kwa mizizi yake, kwa hiyo anayetaka neno hulivua viambishi kwanza, akabaki na konsonanti za asili, ndipo akafungua ukurasa. Kompyuta ilipokuja iliondoa karatasi lakini haikuondoa swali hilo la mzizi. Raskin mwenyewe aliupa utafutaji heshima kubwa kuliko wabuni wengi: kompyuta ya Canon Cat ya mwaka 1987, aliyoibuni baada ya kuondoka Apple, haikuwa na kipanya wala vitufe vya mishale, bali vitufe viwili vilivyo chini ya kile cha nafasi, na mtumiaji aliposhikilia kimoja na kuanza kuandika herufi, kielekezi kiliruka hadi mahali herufi hizo zilipo. Katika mashine hiyo, kwenda mahali na kutafuta neno vilikuwa kitendo kimoja. Haikudumu sokoni, na hilo ni hasara.

Basi mtu anapobonyeza Ctrl+F ndani ya andiko la Kiswahili na kuandika soma, programu haitafuti neno kwa maana ya kisarufi, bali inatafuta mfuatano wa herufi nne popote ulipo, hata katikati ya neno refu, nayo itaonyesha wanasoma, alisoma, tutakaposoma na kusoma. Kwa lugha ambayo kitenzi chake hubeba nafsi, wakati na urejeshi mbele ya mzizi, utaratibu huu ni msaada mkubwa, na chaguo la kutafuta neno zima, ambalo miongozo hulisifu, huufuta msaada huo wote. Hata hivyo hasomi na asome hazitaonekana, kwa kuwa irabu ya mwisho imebadilika. Wala somwa na somesha. Mtafutaji anayejua mofolojia, yaani elimu ya maumbo ya maneno, ataandika som na kuzipata zote, akivumilia kwamba msomi, somo na Somalia zitakuja pamoja nazo. Vitenzi vingine ni vigumu zaidi, kwa kuwa konsonanti hubadilika katika unominishaji: anayefuatilia habari za kujenga kwa herufi jeng atakosa ujenzi na mjenzi, na itambidi arudi nyuma hadi jen, ambapo jenerali na jeneza vinamsubiri, anayetafuta linda hatampata mlinzi, na anayetafuta pika hatampata mpishi. Ofisa anayetafuta waraka katika ripoti yenye neno nyaraka atafanikiwa kwa araka, nazo haraka na baraka zitajitokeza kila mara neno hilo likiwepo. Na yapo maneno yasiyokubali mbinu hii hata kidogo, kwa mfano jicho na macho, ambayo kilichobaki cha pamoja baada ya kuvuliwa viambishi ni silabi iliyosambaa katika kila ukurasa.

Hapa mtumiaji wa Kiswahili ana maandalizi ambayo huenda hayatambui. Aliyefunzwa kuifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, amefunzwa kwamba hawakusoma haimo chini ya H bali chini ya S, na kwamba vitabu lazima virudishwe kuwa kitabu kabla ya kutafutwa. Masomo ya ngeli na viambishi, ambayo wanafunzi wengi huyaona kuwa mzigo wa mtihani, ndiyo yanayomwezesha mtu kupata ukurasa anaoutaka katika faili la kurasa 300.

Utafutaji wa kompyuta nzima, ule unaofunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows na kuanza kuandika, au ule wa Spotlight ulioingia katika kompyuta za Apple mwaka 2005, una tabia nyingine. Programu haisomi mafaili yote kila inapoulizwa; huyasoma mapema na kuweka faharasa, kisha hulinganisha swali na faharasa hiyo, na aghalabu hulinganisha kuanzia mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza, ambacho mzizi wake hukaa mbele na viambishi kufuata nyuma, mpango huo unafaa, na kanuni mashuhuri ya kuvua viambishi iliyochapishwa na Martin Porter mwaka 1980 huvua mwisho wa neno tu. Kwa Kiswahili mwanzo wa kitenzi ni nafsi na wakati, kwa hiyo faharasa ya namna hiyo huyapanga maneno kwa kile kisichomsaidia mtafutaji, na wanasoma hubaki imefichwa kwa anayeandika soma. Si kwamba jambo hili haliwezekani kutatuliwa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ameshughulika tangu miaka ya 1980 na programu inayochanganua umbo la neno la Kiswahili na kuutambua mzizi wake, na alichapisha maelezo ya msingi wake mwaka 1992. Elimu ipo, kilichokosekana ni nia ya kuitia katika visanduku vya kutafutia vinavyotumiwa kila siku na mamilioni ya wasemaji.

Mpaka hapo itakapotiwa, lililo mikononi mwa mtumiaji ni kuyapa mafaili majina ambayo faharasa inayaelewa: nomino katika umoja, mwaka ukitangulia mwezi na siku ili orodha ijipange kwa tarehe, na neno mahususi la shauri lenyewe. Faili linaloitwa barua mpya halitapatikana na yeyote baada ya mwaka mmoja, hata na aliyeliandika.

Ugumu mkubwa kuliko wote umo katika ndugu wa utafutaji, yaani kubadilisha, ambako katika Word hufunguliwa kwa Ctrl+H. Mhariri anayeamua kwamba chama katika waraka mzima kiwe jumuiya, akabofya amri ya kubadilisha zote, hupewa jibu katika kufumba na kufumbua, na waraka wake huwa umejaa jumuiya chetu kimeamua, kwa kuwa programu imebadilisha nomino na kuuacha upatanisho wa kisarufi katika ngeli ya zamani. Vyama, ikiwa ni wingi, haikuguswa. Jina la Chamazi, eneo la Dar es Salaam, limevunjwa pia, kwa sababu herufi tano zilizotafutwa zimo ndani yake. Mhariri makini huiacha amri hiyo, huchukua ile ya kubadilisha moja moja, na kila programu inaposimama kwenye neno husoma sentensi yote, akageuza chetu kuwa yetu na kimeamua kuwa imeamua kabla hajaruhusu iendelee. Nayo kibodi, ambayo mikato yake imeshakuwa mazoea, humwezesha kufanya marekebisho hayo na kwenda kwenye neno linalofuata bila macho yake kuondoka kwenye sentensi.